Nyumba Tatu za Kulala Katika Njia ya Kilimanjaro

Wasomaji wetu wengi wameuona mlima wa Kilimanjaro, wengine kwa mbali kutoka garini, wengine kila asubuhi wafunguapo mlango. Waliolala juu yake ni wachache. Nasema waliolala, wala si waliopanda, kwa kuwa mlima huu hauendwi na kurudiwa kwa siku moja. Kwa njia ya Marangu ni safari ya siku tano au sita, kilomita zipatazo 70 kwenda na kurudi, na msafiri hupata malazi katika nyumba tatu zilizojengwa njiani: Mandara, Horombo na Kibo. Umwulize mtu aliyetoka huko habari za safari yake, utaona kwamba mchana ameusahau nusu, maana mchana kutwa alikuwa akitazama visigino vya aliyemtangulia. Lakini usiku wake anaukumbuka wote, saa kwa saa.

Njia nyingine za mlima, kama ile ya Machame, hulaliwa katika mahema. Ya Marangu peke yake ndiyo yenye nyumba, na kwa sababu hiyo watu wa mlimani wameipa kwa utani jina la soda ile nyeusi inayouzwa katika kila duka, yaani ni njia tamu, ya watu laini. Mimi naona utani huo umewadhuru wengi. Mtu akisikia kwamba kuna paa na kitanda, hudhani mlima umekwisha kufugwa, akauendea mbio. Basi kwa ajili ya walimu wapendao kuongoza vijana huko, na kwa ajili ya wazazi wa Marangu na Mamba na Rombo ambao watoto wao hufanya kazi ya upagazi, yafaa tuzieleze nyumba hizi moja moja, na kusema ni ipi iliyo bora, na kwa nini.

Kwanza tukumbuke kwamba zamani hapakuwa na nyumba yo yote. Johannes Rebmann, mmisionari aliyetoka Rabai, aliiona theluji ya mlima huu tarehe 11 Mei 1848, na wataalamu wa Ulaya wakambishia kwa miaka mingi, wakisema haiwezekani theluji kuwako karibu na ikweta. Wachagga wenyewe hawakuwa na haja ya kubishana. Rebmann alisimuliwa kwao kwamba mangi mmoja wa zamani alituma kundi la watu wakachunguze kile kitu cheupe kilichoko juu. Akarudi mmoja tu, mikono na miguu yake imeharibiwa na baridi. Msomaji wa habari hiyo hawezi kukosa kuuliza watu wale walilala wapi.

Mjerumani Hans Meyer alijaribu mlima mwaka 1887, akashindwa. Aliporudi mwaka 1889 hakuja na miguu mipya, bali alikuja na shauri jipya. Aliweka kambi daraja kwa daraja, akapanga wapagazi wamletee chakula kutoka Marangu kwa zamu, ili asilazimike kushuka kila posho inapokwisha. Ndivyo yeye na Ludwig Purtscheller walivyofika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889. Vitabu vingi hutaja majina hayo mawili, kisha hunyamaza. Lakini katika kambi ya juu kabisa walikuwa na mtu wa tatu, jina lake Mwini Amani, mtu wa Pangani. Huyu alizaliwa pwani, penye minazi na joto, naye alikaa siku nyingi katika uwanda ule wa upepo na jalidi, akiitunza kambi wakati wenziwe walipokuwa barafuni. Kila waliposhuka wamechoka, waliikuta kambi ipo na mtu yupo. Mimi humhesabu yeye kuwa ndiye mwenye nyumba wa kwanza wa Kilimanjaro.

Baadaye Wajerumani wakajenga vibanda viwili. Cha chini wakakiita kwa jina la Bismarck, waziri wao mkuu. Cha juu wakakiita kwa jina la Carl Peters. Peters ndiye aliyefukuzwa kazi ya serikali mwaka 1897 kwa sababu ya ukatili alioutenda alipokuwa kamishna huku Kilimanjaro, alipowanyonga mtumishi wake mwanamume na msichana mmoja wa Kichagga. Hata hivyo jina lake lilidumu pale mlimani hata katika siku za Waingereza, na wapagazi wa Kichagga wakawa wakilala chini ya jina hilo. Kibanda cha tatu, cha Kibo, kilijengwa mwaka 1932. Leo majina ya zamani yamekwisha. Mandara ni jina la Mangi Rindi wa Moshi, aliyefariki mwaka 1891. Na Horombo ni mangi wa Keni katika nchi ya Rombo, aliyesifiwa kwa maboma yake ya mawe. Nyumba za mbao zilizopo sasa Mandara na Horombo zilijengwa kwa msaada wa Wanorwei, watu wanaojua baridi. Ndiyo maana paa zake zimesimama kama mikono iliyokutanishwa, nazo hushuka karibu kugusa ardhi.

Mandara haina maneno mengi. Kutoka lango la Marangu, lililo karibu mita 1,900 juu ya bahari, ni mwendo wa kilomita kama 8 ndani ya msitu, saa tatu au nne kwa mtu asiye na haraka. Miti imefunikwa kuvu na ndevu za kijani, mbega wanaruka juu kwa juu na mikia yao myeupe, njia mara nyingi ni tope. Kituo chenyewe kiko pale msitu unapokaribia kwisha. Watu kama 60 hupata nafasi. Jioni, aliye na nguvu huenda kutazama shimo la kale la volkano liitwalo Maundi, lisilo mbali, ambapo huonekana nchi ya chini mpaka upande wa Taveta. Usiku wa Mandara ni wa kucheka: wote wana afya, wote wana hamu ya chakula, na kila mtu anasema kwamba mlima huu si kitu. Wanafunzi wanaopelekwa kwa siku moja kutazama msitu wafike hapa na kurudi. Hiyo yatosha kabisa, na miguu itauma kesho yake.

Kutoka Mandara mpaka Horombo ni kilomita kama 12. Msitu unabaki nyuma ghafula, kana kwamba mtu ametoka nje ya mlango, na mbele ni vichaka na majani marefu yaliyo wazi kwa jua na upepo. Katikati ya njia hii, mahali paitwapo Whona, ndipo ulipozuka moto wa Oktoba 2020, uliounguza kilomita za mraba zipatazo 95 za hifadhi. Aliyepita huko baadaye alikuta vigogo vyeusi kwa saa nzima. Mimea inarudi, lakini huko juu kila kitu hukua polepole, na kijiti kilicho unene wa mkono wa mtoto huenda kina umri wa babu yake. Kwa hiyo mpishi hutumia jiko la gesi, wala kuni haziokotwi.

Sasa tumefika Horombo, na hapa nitakaa kidogo.

Nyumba za Horombo zimetawanyika juu ya tuta la mwamba, penye mita 3,720, kama kijiji kidogo. Zaweza kulaza wageni zaidi ya mia, kwa kuwa hapa hukutana wanaopanda na wanaoshuka. Ndani ya kila kibanda kuna vitanda vichache vyenye magodoro, na taa iliyotiwa nguvu na jua. Hakuna moto wa kuota. Mtu huvaa nguo zake zote, akaingia katika mfuko wake wa kulalia, akakaa kimya akisikiliza mbao zikilia kwa baridi. Nje kidogo ya kituo, mabondeni penye maji, imesimama miti ya ajabu isiyopatikana po pote ila katika milima hii mirefu: shina nene kuliko mwili wa mtu, na juu yake kichwa cha majani kama kabichi kubwa. Majani yaliyokufa hayaanguki, bali hulivika shina kama blanketi. Majani yaliyo hai hujikunja usiku na kufunika chipukizi la katikati, na asubuhi hufunguka tena. Mwalimu wa elimu ya viumbe akitaka kuwaonyesha wanafunzi jinsi kiumbe kinavyojijengea malazi, asipite hapa bila kusimama.

Kunguru wa Horombo ni wakubwa, wana doa jeupe shingoni, nao hawamwogopi mtu. Kuna na panya wadogo wenye milia mgongoni, ambao hujua saa ya chakula kuliko wapishi. Anayeacha mkate wake kizingitini asimlaumu mtu.

Jioni mawingu huwa chini ya miguu, yametanda kama pamba iliyoanikwa, na Mawenzi inasimama juu ya kituo na meno yake yaliyovunjika. Wazee wa Kichagga husimulia kwamba Mawenzi alikuwa mvivu, moto wake ukizimika kila mara, akawa akienda kwa ndugu yake Kibo kuomba kaa la moto, na chakula juu yake. Siku moja akaenda mara nyingi mno. Kibo akashikwa na hasira, akamtwanga kwa mchi, na ndiyo sababu kichwa cha Mawenzi kimechongoka hivyo hata leo. Hadithi hiyo ukiisikia chini, karibu na migomba, ni ya kuwachekesha watoto. Ukiisikia Horombo, saa mbili za usiku, maji yakianza kuganda ndooni, humhurumia yule mwombaji. Kisha mawingu huachana, na chini kabisa huonekana taa za Moshi.

Lakini sifa ya Horombo si uzuri huo. Tazama hesabu hii. Mandara ni mita 2,720. Horombo ni mita 3,720. Kibo ni mita 4,720. Kila nyumba imempita mwenzake kwa mita 1,000. Madaktari wa milima hushauri kwamba mtu akiisha kupita mita 3,000, asilale usiku juu ya pale alipolala jana kwa zaidi ya mita 500 hivi, tena apumzike siku nzima kila baada ya siku tatu au nne. Basi nyumba hizi ziliwekwa kwa kufuata mwendo wa miguu, wala si kwa kufuata damu ya mtu. Miguu yaweza kutoka Horombo asubuhi ikafika Kibo alasiri, damu haijafika. Horombo hewa tunayoivuta ina nguvu kama theluthi mbili tu ya ile ya pwani, na kileleni ni nusu. Mwili unajua kujirekebisha, lakini unataka siku, na siku hizo haziuzwi.

Kwa hiyo kila anayeniuliza humwambia: lala Horombo mara mbili. Siku ya katikati si ya kukaa kitandani. Asubuhi pandeni polepole mpaka kwenye mwamba wenye mistari myeupe na myeusi, uitwao Mwamba wa Pundamilia, ulio karibu mita 4,000, au zaidi kidogo kuelekea Mawenzi, kisha mrudi mle na kulala palepale. Mwili unaonja mwinuko mchana, usiku unapumzika chini yake. Wako wanaoiona siku hiyo kuwa hasara, kwa sababu kila siku ndani ya hifadhi hulipiwa ada, na safari ya siku tano ni rahisi kuliko ya sita. Hesabu hiyo ni ya mfuko, nami siidharau, maana najua mshahara wa mwalimu. Lakini mwenye fedha ya siku tano tu, ingefaa azitumie kwenda Horombo na kurudi akiwa mzima, na kilele akiache kikae.

Nyumba ya Kibo haipendwi na mtu, wala haikujengwa ili ipendwe. Baada ya Horombo, njia hupita penye maji ya mwisho, na wapagazi hujaza madumu, maana Kibo hakuna kijito. Kisha ni uwanda mpana mkavu kati ya vilele viwili, mchanga na mawe, upepo usio na kizuizi, kilomita kama 10 toka asubuhi. Nyumba huonekana mapema, imeketi chini ya ukuta wa mlima, na kwa muda wa saa mbili haikaribii. Ni nyumba ya mawe yenye vyumba vya vitanda vya kupandana, watu kama 60, wote wakikohoa. Mtu hufika alasiri, hunywa supu bila kuitaka, hulala saa kumi na moja jioni na viatu karibu na mkono, asipate usingizi. Huamshwa usiku wa manane. Kwa mwanga wa taa ya kichwani huanza kupanda changarawe inayorudi nyuma, akipita pango la Hans Meyer, mpaka Gilman's Point, mita 5,685 hivi, ambapo hukutana na mapambazuko akijaliwa. Toka hapo hufuata ukingo wa shimo mpaka kilele cha Uhuru, mita 5,895.

Ni hapo Kibo, usiku ule, mlima unapowachagua watu. Kichwa kuuma kidogo si ajabu. Lakini mtu akitapika mfululizo, akipepesuka kama mlevi, akijibu maneno yasiyo na maana, au akikohoa povu na kuhema hali ameketi, asingojwe mpaka asubuhi, wala asiachwe alale akidhaniwa amechoka. Dawa yake ni moja: ashushwe mara hiyo hiyo, kwa miguu au kwa machela, hata kama ni giza, hata kama amelipa fedha nyingi na anakataa kwa machozi. Kiongozi anayemrudisha mgeni wake asidhaniwe kuwa ameshindwa kazi. Viongozi wa Marangu wanajua hivyo, nao husema polepole tangu langoni mpaka mgeni huchukia neno lenyewe.

Wenye kushuka hulala Horombo kwa mara nyingine, na usiku huo, kwa maoni yangu, ndio mtamu kuliko zote za mlimani. Mtu ametoka juu, amekuta hewa imerudi, supu ina ladha, kitanda kile kile kilichokuwa kigumu sasa ni laini. Pale mezani huketi pamoja wanaoshuka na wanaopanda. Wanaopanda huuliza maswali mengi. Wanaoshuka hujibu machache, wakitabasamu, midomo imepasuka.

Limebaki jambo la wapagazi, wanaojiita wagumu. Sheria ya hifadhi huweka kilo 20 kuwa mwisho wa mzigo wa mpagazi, na mizani iko langoni. Wageni wanapokaa katika vibanda vyao, wapagazi nao wana mahali pao, na huko mara nyingi ni kubanana, hasa Kibo. Kijana aliyezaliwa migombani hawi na ngozi tofauti na ya mgeni. Baridi humshika vile vile, na mwinuko humwumiza vile vile, ila yeye hana aliyemlipia kuuliza habari za kichwa chake. Hivyo mwalimu au mgeni akifika kituoni, kabla ya kuketi chakulani, azunguke nyuma ya jiko aone wenziwe wanalala wapi, na wamekula nini. Hilo huchukua dakika tano.

Na wewe mzazi, mwanao akiitwa mlimani kwa mara ya kwanza, usimwache aende na viatu vya mpira na koti moja kwa kuwa wengine walikwenda hivyo. Anahitaji viatu vilivyofungwa, soksi za sufu mbili, sweta, koti lisilopitisha mvua, kofia ya masikioni, glavu, na mfuko wa kulalia au mablanketi mazito mawili. Asiyekuwa navyo aulize Moshi kwa mradi wa kusaidia wapagazi, ulioanzishwa mwaka 2003. Huko huwaazima wapagazi nguo za mlima bila malipo, nazo hurudishwa safari ikiisha, ili zimfae mwingine.